Mtoto Aliyepewa Jina Langu

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Butimba, Mwanza, alijifungua, nikaenda kumpa hongera. Nilimkuta mtoto analia kile kilio cha kukauka, kisichotaka titi wala kubembelezwa. Mama mkwe wake, mzee aliyetoka huko huko ufukweni nilikokulia mimi, akampakata na kuanza kumtajia majina, moja moja, akinyamaza kidogo baada ya kila jina na kumtazama usoni. Nilijua anachofanya. Kwetu mtoto akilia hivyo siku mfululizo, wazee husema anadai jina, na jina hutoka kwa mtu aliyekwisha kufa. Watamtajia marehemu wa ukoo mpaka lifike litakalomnyamazisha, na hilo ndilo atakaloitwa. Niliweka kikombe cha chai chini, nikaaga, nikasema nimeacha jiko linawaka. Hapakuwa na jiko lolote. Nilikwenda kukaa kitandani kwangu, mwalimu mzima, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Wenzangu wa rika langu wakisikia kwamba niliugua kansa utotoni nikapona, wanataka niwasimulie ya hospitali. Wanataka dripu, nywele kudondoka, mama akisali pembeni ya kitanda. Nikimaliza wanasema Mungu mkubwa, kisha wanaulizana habari za umeme. Hakuna anayeuliza ilikuwaje baadaye, na mimi nimechoka kungoja kuulizwa. Hospitali haikunishinda jamani. Kilichokaribia kunimaliza ni kurudi nyumbani. Jina langu sitaliandika hapa, kwa sababu si langu peke yangu, na mwenzangu hajaombwa ruhusa.

Nyumbani kwetu ni upande wa Sengerema, kijiji cha wavuvi wa dagaa, ingawa ukoo wetu ulitokea Mara. Nilikuwa na miaka tisa taya la kushoto lilipovimba. Kwanza walisema jino, wakanipaka dawa za majani. Halafu meno ya upande huo yakaanza kulegea na kutoka yenyewe, bila kuuma, nikawa nayatema kwenye kiganja na kuwaonyesha wenzangu kwa majivuno. Ndipo mama akanifunga kitenge kichwani, tukavuka na kivuko mpaka hospitali kubwa ya mjini Mwanza. Tulikaa huko miezi mingi, mpaka nikasahau kuku wetu walikuwa wangapi. Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Dawa ilinipa ladha ya chuma mdomoni, na mpaka leo nikinusa spiriti, hata ya kupaka kidonda cha mwanafunzi, mate yananijaa.

Tukiwa huko, nyumbani mama mdogo alijifungua. Huyu ni mke wa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye wakati mwingi alikuwa visiwani kwenye dagaa. Tuliishi boma moja, sisi na wao na bibi aliyewazaa baba zetu. Mama mdogo alikuwa rafiki yangu. Alikuwa msichana bado, ananisuka nywele huku ananisengenyea walimu wangu, na tukicheka bibi anatuuliza kama tumekunywa pombe. Alikuwa amewazika watoto wawili kabla hawajafikisha mwaka. Huyu alikuwa wa tatu, wa kike, na alizaliwa akilia.

Yaliyotokea niliyapata vipande vipande, kwa miaka. Mtoto alilia siku tatu. Bibi aliwataja marehemu wote wa ukoo, hata wale ambao hakuna aliyewapenda, na mtoto akazidi. Siku ya nne mchana, mama mdogo, ambaye hakuwa amelala hata kidogo, akaropoka jina langu. Hakulitaja kama jina la marehemu. Aliniita tu, kama alivyozoea kuniita nikiwa uani: wee fulani, njoo unishikie mtoto. Mtoto akanyamaza, akalala.

Bibi aliweka chini beseni alilokuwa ameshika, akaanza kuomboleza. Kwake ile ilikuwa taarifa kamili. Mtoto amelikubali jina, basi mwenye jina amekufa huko Mwanza, na habari imetangulia njia yake. Majirani wakaja na baba akaitwa. Baba alibisha kidogo, lakini alikuwa ameniacha hospitali nikiwa siwezi hata kushika kijiko, naye ni mtoto wa mama yake. Wakanyoa vichwa, wakaweka matanga. Baba akaenda kutafuta gari la kuleta maiti. Siku ya pili ya matanga mama akaazima simu ya nesi, akampigia mwenye duka wa kijijini, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na simu, amwambie baba kwamba nimeanza kunywa uji. Mwenye duka alifika msibani ameshika simu mkononi, na kwa muda hakujua aanze na nani. Wali ulikuwa umeshaiva, basi watu wakala.

Mimi hayo sikuyajua. Niliporuhusiwa, baada ya kama mwezi na nusu hivi, baba alikuja kutupokea kivukoni, na alipovua kofia nikaona nywele zake ni fupi kama zangu, ndiyo kwanza zinaota. Tulipofika nyumbani bibi naye yuko hivyo hivyo. Nikaelewa kwamba wamenyoa kwa ajili yangu, ili nisione aibu ya upara. Sijawahi kupendwa namna ile. Nilimpapasa baba kichwa, nikacheka, nikamwambia za kwako zimenizidi urefu. Baba hakucheka, akamuuliza mama kama mizigo yote imeshuka.

Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyenifungua macho. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kurudi shule, tena darasa la nyuma, maana wenzangu walikuwa wamenipita. Aliniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha jambo zuri mlilofanya pamoja: "Msiba wako tulikula wali na nyama. Tulilia sana." Nikamwambia mwongo. Akaita wengine watatu, wote wakathibitisha, na mmoja akaonyesha mahali turubai lilipofungwa. Nilirudi nyumbani nikitazama vichwa vya watu.

Kuanzia hapo nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nayaona bila kuyaona. Hakuna aliyeniita jina langu, wala mama mbele za watu. Mtoto aliitwa jina langu siku nzima, kwa kuimbiwa na kwa kubembelezwa, nami nilikuwa Mkubwa. Mkubwa leta maji. Mkubwa ameshakula? Bibi hakupokea kikombe mkononi mwangu, alisubiri nikiweke chini kwanza. Mama mdogo, yule yule wa kunisuka, nikimkaribia alimnyanyua mtoto na kukumbuka kazi nyumba ya pili. Mimi nilidhani ni harufu ya dawa. Nilishuka ziwani na kipande cha sabuni ya mche, nikajisugua mpaka ngozi ikapasuka viwikoni, kisha nikaenda tena kukaa karibu yake kumjaribu. Akanyanyuka.

Nikamuuliza bibi. Alikuwa anachambua dagaa, akitupa vijiti na mawe pembeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kwa nini mtoto ana jina langu na mimi sina.

"Jina haliwezi kukaa kwa watu wawili," alisema. "Mmoja atabaki nalo, mwingine ataliacha. Sisi hatukujua kama utarudi, mjukuu wangu."

"Nani ataliacha?"

"Hilo halipangwi na mtu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua itachelewa mwaka huu, akaendelea na dagaa wake. Ningependa kumchukia bibi lakini siwezi, kwa sababu aliamini kila neno na lilimtesa. Mimi niliondoka pale nikiwa nimeelewa jambo ambalo yeye hakulisema wazi, kwamba nimerudi mahali ambapo pana nafasi ya mmoja.

Mvua zilipoanza, mtoto akashikwa na homa. Jioni moja jua halijazama akapata degedege uani, mbele yetu sote, macho yamegeuka, na mama mdogo akiwa amepiga magoti kando yake akainua uso akanitazama. Hakutazama mtu mwingine. Zahanati walisema malaria, wakampa dawa, lakini siku ya kwanza na ya pili hakunyonya. Na mimi siku hizo nilikuwa nakula vizuri, nimeanza kunenepa mashavu, wageni wananisifu. Kila tonge nililomeza niliona nalitoa kinywani mwake.

Nilikuwa na zamu ya kliniki wiki ile ile. Walitwambia tusikose hata mwezi mmoja mwaka wa kwanza, kwa sababu ugonjwa wenyewe ukirudi hurudi haraka. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, chini ya godoro la mama. Niliichukua mchana watu wakiwa wamemzunguka mtoto, nikaichana vipande na kuvitupa chooni. Mama aliitafuta mpaka akakaa sakafuni. Nilimwona anavyolia, nikamhurumia. Nyumba ilikuwa na mgonjwa, kivuko kilikuwa kinasumbua wiki hiyo, na yeye aliogopa kwamba bila kadi hatutapokelewa. Akasema tutakwenda mwezi ujao.

Kisha nikaomba. Nilijua kusali vizuri, hospitali tulisali asubuhi na mchana. Nilimwambia Mungu anirudishie uvimbe wangu amwachie mtoto. Sikuomba nife, neno hilo sikulisema, lakini nilijua uvimbe ukirudi mtu hufikia wapi. Wodini niliwaona waliorudi. Waliwekwa vitanda vya karibu na meza ya manesi, mama zao hawakupika tena na wenzao, na baada ya muda kitanda kilitandikwa upya.

Siku ya tatu ulimi wangu ulikuta kitu kwenye ufizi, pale pale palipong'oka meno. Kigumu, kidogo, kinauma nikikibonyeza. Na alasiri ile ile mtoto alinyonya, akanyonya mpaka akapaliwa, na mama mdogo akapiga kigelegele kimoja cha machozi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko. Nilifurahi, kweli nilifurahi, na ulimi ukarudi tena kwenye kile kitu.

Kwa wiki tatu sikumwambia mtu. Kile kitu kilikua. Nilitafuna upande mmoja, na michembe, vile viazi vikavu, niliiloweka kwenye uji mpaka ilainike ndipo niimeze. Shavu likaanza kujaa kidogo, nikawa nalala kwa upande ule ili mama asilione asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi. Siku nyingine nilitaka kukimbia kwa mama na kufungua mdomo, nikamwambia nimekosea, nimebadili mawazo, twende Mwanza. Halafu nasikia mtoto anacheka ndani, na ninarudi kuteka maji.

Mama mdogo ndiye aliyegundua. Tulikuwa ufukweni tunafua, akaniona natafuna muwa kwa upande mmoja kama bibi kizee. Akanishika kidevu. "Fungua mdomo." Nikafungua. Akaangalia muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku mtoto aliponyonya tena."

Niliona anavyohesabu. Nikamwambia yote, kuhusu kadi na kuhusu kuomba, nikamsihi asimwambie mama kwa sababu mama atanipeleka, na nikitibiwa mtoto ataumwa tena. Nilidhani atanigombeza. Aliniachia kidevu, akainamia nguo zake.

"Mama yako hajui?"

"Hajui."

"Basi," akasema, akaendelea kusuuza.

Siku mbili alizokaa kimya zilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nirudi. Alinisuka, ingawa nywele zilikuwa bado fupi na zinateleza vidoleni. Alinichambulia samaki akanipa minofu isiyo na miba. Na akanipa mtoto nimbebe. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana jasho shingoni, na alinishika sikio akalivuta kana kwamba tunafahamiana siku nyingi. Nilizunguka naye uani nikiwa mtu mwenye furaha kabisa.

Siku ya tatu asubuhi mama alikuwa ameondoka kwenda sokoni Sengerema mjini. Mama mdogo alivaa kitenge chake cha kanisani, akamfunga mtoto mgongoni, akanishika mkono akisema twende. Hakumsubiri mama, wala hakumuaga bibi. Tukavuka. Hospitali walinikumbuka bila kadi, na yule nesi aliyemwazima mama simu alinikumbatia kabla hajauliza chochote.

Daktari alinimulika na tochi, akabonyeza na kuuliza maswali. Akatupeleka kupigwa picha ya taya. Tulikaa kwenye benchi karibu siku nzima, na mimi nilikuwa nimeshachagua kitanda changu kwa macho, cha dirishani. Aliporudi na picha alikuwa anatabasamu. Alisema ni jino la ukubwani, limeota kwa kupinda kwa sababu taya liliharibiwa, na ufizi umeingia usaha kidogo. Atanipa dawa. Kansa hakuna.

Nililia, na yule nesi akalia pia kwa kudhani ni furaha. Mimi nilikuwa naona kwamba nimekataliwa. Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa amemtoa mtoto mgongoni, amembana kifuani kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Daktari, tazama tena," akasema.

"Nimetazama, mama. Binti mzima kabisa."

"Tazama tena, nakuomba."

Akatazama tena kwa heshima, akisema natamani kila mtoto angekuwa na mlezi kama wewe.

Kwenye kivuko cha kurudi nilinyoosha mikono nimshike mtoto. Mama mdogo akageukia ziwa. Hakunipa tena mpaka mtoto alipoweza kutembea na kuja kwangu kwa miguu yake.

Hakuna aliyekufa. Wasomaji wangu, mtadhani hilo lilimaliza mambo, kwamba mwaka ukipita wote wazima watu watajisemea tulikosea. Hakuna aliyekaa chini na kuniambia basi, imekwisha, ishi. Mtoto alikua, mimi nilikua, na boma zima lilitutazama wawili kama watu wanavyotazama mizani. Akikohoa, nilijificha. Nikifaulu mtihani, mama mdogo alimpima yeye joto. Nilipotimiza miaka ya kupimwa niliyopangiwa, daktari akasema nimepona, nisirudi tena, nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya hospitali. Sasa Mdogo, ndivyo ninavyomwita mtoto yule, ni fundi cherehani Igoma, ana ulimi mkali na wateja wengi. Mimi bado hupimwa kila mwaka kwa hiari yangu, na nikipewa majibu mazuri simpigii mume wangu kwanza. Nampigia Mdogo. Anapokea anasema, "Nipo dada, sijafa, haya nenda kale." Anafanya mzaha, lakini simu yangu siku hiyo haikosi hata mara moja.

Mwaka jana mama mdogo alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya matibabu ya macho. Bibi alikuwa ameshafariki. Asubuhi moja tulikuwa barazani tunachagua mchele, yeye akichagua kwa vidole maana haoni vizuri, akasema bila mimi kuuliza:

"Siku zile mbili nilizonyamaza. Nilikuwa naomba liwe lile lile. Niliomba nikikutaja na jina."

Niliendelea kuchagua mchele. Hasira niliyokuwa nimeihifadhi kwa ajili ya siku hiyo niliitafuta nikaikosa.

"Nilikwisha kuzika wawili," akasema. "Halafu siku ya tatu asubuhi nikakusikia uani unamwambia mtoto kwamba viatu vyako vya shule huvichafui tena, vitamfaa akikua. Nikashindwa. Nikavaa kitenge. Lakini hata kwenye lile benchi bado nilikuwa naomba, mwanangu. Ndiyo maana nilimwambia atazame tena."

Habari ya viatu sikuikumbuka kabisa. Ile ya kuomba nilikuwa nimeijua tangu siku ile, kwa uso wake. Alikuwa ameacha kuchagua mchele, ananisubiri niseme neno, na mikono yake ilikuwa juu ya ungo.

"Najua, mama," nikamwambia. "Hata mimi pale kwenye benchi nilikuwa naomba hilo hilo."